Ajira kwa Ndugu Zetu Wenye Ulemavu: Tuanze na Waliokwisha Kuwa Kazini



Nimeombwa nizungumze juu ya ajira za watu wenye ulemavu. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa utumishi, kwa hiyo nitasema kama afisa utumishi, kwa sheria na kwa hesabu. Katibu amenipa dakika kumi. Nitajitahidi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1982, hayati Mzee wetu Cleopa Msuya akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa Sheria Na. 2 ya mwaka huo kuhusu ajira za watu wenye ulemavu. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi alitakiwa asilimia 2 yao wawe watu wenye ulemavu. Katika watu 50, ni mtu mmoja. Wakati ule waajiri wakubwa walikuwa mashirika ya umma. Mashirika yalipouzwa na watu kupunguzwa kazi miaka ya 1990, sheria ile ikabaki kabatini. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Hii imebana zaidi: ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu.

Sasa tupige hesabu ya humu ndani. Kuna wenzetu wenye shule, wenye mabasi, wenye hoteli, wenye kampuni za ujenzi. Mwenye wafanyakazi 100 anadaiwa watu 3. Mwenye 34 anadaiwa mmoja. Mwenye 20 atasema asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mzima. Kweli haifiki, lakini mtu hagawanyiki, na sheria imeanzia hapo kwa makusudi. Mimi ningesoma ni mmoja.

Wengi wetu, hata hivyo, tuna duka Kariakoo lenye vijana watano, au karakana yenye wanane. Asilimia 3 haituhusu. Hapo ndipo watu hufunga daftari na kusema, basi, hii ni ya serikali na makampuni makubwa. Mimi naona sehemu inayotugusa zaidi haimo katika asilimia. Sheria hiyo hiyo ya 2010 inamtaka mwajiri aendelee kumweka kazini mfanyakazi aliyepata ulemavu akiwa katika ajira yake. Na hapa sisi Wapare, kwa wema wetu wote, tunafanya vibaya.

Mnajua inavyokwenda. Kijana wa huku anafuata kazi kwa mjomba au baba mdogo mjini. Mashine ya mbao inamkata vidole, au anaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Tajiri analipa hospitali, anatoa nauli, anaongeza mfuko wa mchele, kijana anapandishwa basi la Mwanga na kuletwa kwa mama yake. Watu wote wanasema tajiri yule ana utu. Mwaka wa pili kijana bado amekaa barazani, ana miaka 26, anajua kazi ya useremala kuliko waliobaki karakanani, na hakuna aliyemwuliza kama anaweza kupima mbao, kupokea oda au kusimamia wanafunzi. Tumemrudisha nyumbani kwa heshima, lakini tumemrudisha.

Kumbakiza mtu kama huyo ni rahisi kuliko kuajiri mgeni, kwa sababu kazi anaijua na wateja wanamjua. Mara nyingi kinachohitajika ni kidogo: meza ishushwe, stoo ihamie chini, zamu ibadilishwe. Mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini. Kiziwi aandikiwe ujumbe wa simu badala ya kuitwa kwa sauti, jambo ambalo siku hizi hata wenye masikio mazima tunafanyiana.

Na gharama ya matibabu usibebe peke yako. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria Na. 20 ya 2008. Mwajiri wa Tanzania Bara anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi kitu. Mfuko unalipia matibabu, unalipa fidia ya ulemavu, na unahudumia marekebisho ili mtu arudi kazini. Lakini taarifa itolewe mapema. Ikipita miezi 12 tangu ajali, haki yenyewe inaweza kupotea. Miezi 12 ndiyo hasa muda ambao familia zetu huwa bado zinajadili nani aseme na tajiri.

Wako pia ambao hawajaajiriwa kabisa. Shule ya Viziwi ya Mwanga, ya KKKT, iko chini tu hapo, na kila mwaka inatoa vijana. Kuna vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, Yombo jijini Dar es Salaam na Masiwani kule Tanga. Kwa wenye elimu ya juu, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba na kutaja ulemavu walio nao. Wazazi, msiwaambie wafiche. Na anayetaka kujiajiri aende halmashauri: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba, 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Ndugu Mwenyekiti, wazee walipoitisha msaragambo wa kuzibua mfereji au kutengeneza ndiva, walianza kwa kujua nani yuko nyumba ipi. Sisi leo hatuna hata orodha. Hivyo ninaomba mambo mawili. Kila mwenye biashara ajaze karatasi ndogo: ana wafanyakazi wangapi, wangapi wana ulemavu, na wangapi walioumia kazini miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Na wenzetu wa vijijini watusaidie, pamoja na kamati za watu wenye ulemavu za vijiji, kuandika nani anajua kazi gani. Majina yatunzwe na katibu, yasisomwe hadharani. Orodha hizo mbili zikutanishwe kabla ya mkutano wa Desemba ijayo, wakati wengi tunapokuwa nyumbani.

Karatasi ziko mezani kwa katibu, karibu na kitabu cha michango. Nitakaa naye pale mpaka makande yaishe.