Umealikwa au umetozwa?

Kama wewe ni mkazi wa mji kama Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, si ajabu kwamba juma hili umepokea kadi ya harusi. Zamani kadi hiyo ililetwa kwa mkono, ikiwa ndani ya bahasha. Siku hizi aghalabu huingia kwenye simu kwa njia ya WhatsApp. Maneno yake unayajua kwa moyo. Familia ya Bwana na Bibi Fulani inayo furaha kukutaarifu kuwa inatarajia kumwoza kijana wao mpendwa, na ili kufanikisha shughuli hiyo inakuomba mchango wako wa hali na mali. Chini yake utakuta kiwango: singo kiasi hiki, dabo kiasi hiki, pamoja na namba za simu za kupokelea fedha. Na ukumbi uko wapi, saa ngapi? Mara nyingi hayo hayamo. Yatakuja baadaye, katika kadi ya pili, kwa yule aliyemaliza kulipa.

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu uandishi wa barua za mwaliko, zilizo rasmi na zisizo rasmi. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya shule ya msingi. Ni kweli tulifundishwa. Barua rasmi ina anwani mbili, ya mwandishi juu upande wa kulia, na ya mwandikiwa chini yake upande wa kushoto. Ina tarehe, kumbukumbu namba kama inatoka ofisini, salamu fupi, kichwa cha habari kinachoanza na YAH, maelezo yasiyozunguka, kisha sahihi, jina kamili na cheo. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, salamu ndefu za kujuliana hali, na mwishoni jina moja linatosha. Tulikariri, tukafanya mtihani, tukafaulu. Lakini je, kwa nini ziwe mbili?

Kwa maoni yangu sababu ni hii. Barua rasmi humwachia mwalikwa mlango wazi wa kukataa. Mkurugenzi wa ofisi anaweza kujibu kwamba barua yako ameipokea, anakushukuru, ila siku hiyo atakuwa safarini. Hakuna aliyeudhika. Barua ya kindugu, kwa upande wake, huufunga mlango huo kwa makusudi. Humwambia shangazi au rafiki wa utotoni kwamba yeye si mtu wa kujaza kiti, na asipofika pengo lake litaonekana. Ya kwanza inalinda uhuru wa mtu. Ya pili inalinda undugu. Zote mbili ni heshima.

Sasa itazame ile kadi ya mchango. Imevaa lugha rasmi, lakini haikupi nafasi ya kukataa, maana kamati itakupigia simu mpaka utoe. Inakudai kama ndugu, lakini haikuulizi hata hali. Imechukua ugumu wa barua moja na ukali wa nyingine, ikaacha heshima ya zote mbili.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alipokea kadi ya namna hiyo ya harusi ya mtoto wa marehemu kaka yake. Ilikuwa imechapishwa Prof./Dk./Mhe./Bw./Bi., halafu vitone, na jina lake limejazwa kwa kalamu juu ya vitone hivyo. Hakuna aliyekata hayo yasiyomhusu. Mzee aliiweka mezani akaniuliza, "Katika hawa watano, baba mdogo ni yupi?" Mchango alitoa, tena kwa wakati. Harusini hakwenda. Alisema deni amelipa, mwaliko bado anaungoja.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kuchangiana. Kuchangiana katika arusi na misiba ni nguzo ya maisha yetu mijini, ambako mshahara wa mtu mmoja hauwezi kubeba shughuli nzima. Ninachosema ni kwamba ombi la fedha ni barua moja, na mwaliko ni barua nyingine. Anayeomba aseme anaomba. Anayealika aalike. Na wale wa damu wasipewe vitone.

Tuanze na barua isiyo rasmi, kwani ndiyo iliyo karibu kusahaulika. Si lazima iwe ndefu. Mtu wa Dar es Salaam mwenye shangazi yake Tanga angeweza kuandika hivi:

"Mpendwa Shangazi, shikamoo. Natumaini u mzima, na ule mguu umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa mdogo wangu anaoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, na wewe ndiye uliyemlea mama alipokuwa hospitali. Bila wewe hatutajua nani akae mbele. Tafadhali uje wiki moja kabla. Nitakupokea stendi mwenyewe. Mwanao."

Tazama barua hiyo inavyofanya kazi. Salamu si mapambo. Yule mguu unaonyesha kwamba mwandishi anamjua anayemwandikia. Imetaja sababu ya kumwita yeye na si mwingine. Imetaja siku, ikamwondolea hofu ya safari. Maneno hayohayo yanaweza kwenda kwa simu, hata kwa sauti kama hasomi vizuri. Kinachotakiwa ni kwamba yawe yake peke yake, yasiwe yale waliyotumiwa watu mia tatu kwa mkupuo.

Nije kwenye barua rasmi. Hapa nachukua mfano wa mgeni rasmi, kwa sababu hakuna mahafali, semina wala ufunguzi wa zahanati usiokuwa naye. Barua nyingi za namna hii hujaza nusu ukurasa kwa sifa za mheshimiwa, halafu zinasahau kumwambia anachoitiwa. Nimehudhuria mahafali zaidi ya moja ambapo mgeni rasmi aligundua kwamba kuna harambee wakati risala inasomwa mbele yake. Akatabasamu kwa ajili ya kamera, akataja ahadi kubwa, watu wakapiga vigelegele. Wazazi wakaondoka wakiamini madawati yamepatikana. Mtu akitoa ahadi kwa kuviziwa, si rahisi kuitimiza, na anayeendelea kukaa chini sakafuni ni mtoto.

Barua iliyo sawa ingeeleza katika aya ya kwanza ni shughuli gani, siku gani, saa ngapi na mahali gani. Aya ya pili ingesema mgeni anaombwa kufanya nini: kukabidhi vyeti, kutoa hotuba ya dakika kumi na tano, na kuongoza harambee ya madawati yenye lengo la kiasi fulani. Aya ya tatu ingetaja nani atampokea, na mwisho wa kupata jibu ni lini, ili akikataa atafutwe mwingine mapema. Ratiba iambatanishwe. Basi. Ukurasa mmoja unatosha, na kila neno lina kazi.

Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno Ndugu lilitosha kumwandikia kiongozi na mkulima. Leo tuna Mheshimiwa, Daktari, Profesa na Mhandisi. Andika cheo sahihi cha mtu, mara moja, kwenye salamu. Usikirudie kila mstari. Cheo kikirudiwa sana, msomaji huanza kujiuliza unataka nini.

Kuna jambo moja linalosumbua barua za aina zote mbili, nalo ni saa. Saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, na za Kiingereza huanza usiku wa manane. Kadi ikiandika saa 6:30 bila kutaja mchana wala jioni, mgeni mmoja atafika jua likiwa utosini akute mafundi wanapanga viti, na mwingine atafika magharibi. Andika saa 6:30 mchana, au saa 12:30 jioni, na hakuna atakayepotea. Kisha wewe mwenyewe uanze kwa saa hiyo. Ukialika kwa saa nane na kuanza saa kumi, walioonja adha hiyo mara moja hawatakuja tena kwa wakati.

Na mwalikwa naye ana wajibu wake. Barua yenye mstari wa majibu inataka jibu. Sahani moja ya ukumbini ina bei, na kiti kilicholipiwa kikakaa kitupu ni fedha ya mtu iliyotupwa. Huwezi kufika? Sema mapema. Aliyekualika kwa heshima atakushukuru kwa heshima hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unayeketi jioni ya leo na orodha ya wageni, igawe kwanza katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wale unaowaomba msaada. Waandikie ombi, na uwaachie nafasi ya kusema hawana. La pili ni wale unaowaalika kwa vyeo vyao. Waandikie barua rasmi iliyo kamili. La tatu ni wale ambao wasipokuwepo wewe mwenyewe utakuwa unatazama mlangoni. Hao waandikie kwa mkono wako, hata mistari mitano, na usiweke kiwango. Wenye uwezo watatoa bila kuambiwa. Wasio na uwezo watakuja kufagia uwanja na kukoroga sufuria, na huo nao ni mchango.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni lipa kwanza.