Zawadi ya Mtoto wa Mbulu

Wiki hii nina neno nawe uliyeko mjini, ambaye dada yako, mkeo au mkwe wako ni mjamzito huko Mbulu au Hanang. Najua umeshaanza kununua vitu. Naviona juu ya keria za mabasi yaendayo Katesh na Haydom: beseni la plastiki, chupa za kunyonyeshea, na kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea. Moyo ni mwema. Lakini hebu tuulizane, mtoto wa Dongobesh anahitaji nini hasa siku anapozaliwa?

Anahitaji joto. Mbulu si Kariakoo. Mwezi wa Julai kule utamkuta mtu mzima amejitanda blanketi saa nne asubuhi. Mtoto mchanga, tena aliyetoka akiwa amelowa, hupoteza joto upesi kuliko sisi. Kwa hiyo nunua khanga, zifuliwe na kukaushwa: moja ya kumfutia, ambayo huondolewa mara moja kwa kuwa imelowa, na nyingine ya kumfunika. Ongeza kofia, soksi na blanketi.

Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote hakiuzwi dukani, nacho ni kifua cha mama. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, madaktari walianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao kwa kuwa mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kifuani mapema, bila kungoja hali zao zitulie, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 25. Robo nzima, kwa kitambaa! Na akina mama wa Kiiraqw na Kibarabaig, ambao kubeba mtoto mgongoni wamekuzwa nako, hapo watabadili upande tu.

Chupa ziache dukani. Kila chupa inadai maji safi na kuni za kuichemshia, na ndoo ya maji inabebwa na mama yule yule. Maziwa yake yanatosha miezi 6, bila hata tone la maji. Kile kigari nacho, Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa kuumiza watoto.

Fedha iliyobaki iwe ya nauli. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, na watu wa wilaya zote mbili huikimbilia. Wakunga wake walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, jambo linalotakiwa kuanza ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo ya siku moja yalionekana kuwafaa kwenye mwanasesere, lakini katika chumba cha kuzalia mambo hayakubadilika. Ndipo wakaanza kujizoeza kwa muda mfupi, mara kwa mara, pale pale kazini, na vifo vya saa 24 za kwanza vikapungua. Mikono hiyo iliyozoea ndiyo unayoinunulia nauli. Haitamfikia mtoto aliyezaliwa njiani usiku wa mvua, pikipiki imenasa kwenye tope kati ya Basotu na Haydom.

Nauli hiyo itume mapema, mwezi wa saba wa mimba, na iwekwe mkononi mwa mama mwenyewe. Usimpe shemeji akutunzie, sababu unaijua. Mwenye gari apatanwe naye kabla, na wa akiba pia, maana usiku wa haja ndipo simu huzimwa.

Bora zaidi, mama asogee karibu na hospitali wiki mbili kabla, kwa ndugu au kwa chumba cha kupanga. Hapo ndipo wengi hukwama, nao hawana ujinga wowote. Nani atakamua ng'ombe? Nani atateka maji na kuwapikia wale wadogo waliobaki? Mama anajibu swali hilo kwa kubaki nyumbani hadi uchungu umkamate. Basi katika bajeti yako mpangie na mtu wa kushika nyumba: binamu, au binti wa jirani anayelipwa ujira wake kamili. Atafutwe sasa, aje aoneshwe ng'ombe ni yupi apigaye teke, kabla mama hajafunga mzigo.