BIMA: BEI PEKE YAKE HAITOSHI



Mkazi wa Nkoma, pale Mbale, anayetaka kuikatia bima gari au pikipiki yake, siku hizi halazimiki kutoka ofisi moja hadi nyingine akiuliza bei. Huketi barazani na simu mkononi, akamwandikia wakala mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu; na kabla chai yake haijapoa, bei zote ziko mbele yake. Aliyeko Jinja hufanya vivyo hivyo. Kazi ambayo zamani ilimaliza siku nzima, sasa humalizika kwa nusu saa.

Huko Uingereza kazi hiyo imefanywa na mtambo kwa muda mrefu. Tovuti iitwayo Confused.com ilianza mwaka 2002, na nyingine zikafuata. Mnunuzi hueleza mara moja tu habari za gari lake na za dereva, na tovuti humpangia bei za makampuni mengi, ile ya chini kabisa ikitangulia juu ya orodha. Kenya nayo sasa inazo tovuti za namna hiyo. Na mahali ambapo hazijafika, madalali wa bima huifanya kazi ileile kwa simu.

Hapana shaka kwamba kulinganisha bei ni jambo la busara. Mshahara wa askari ni jasho lake, na hapana sababu ya kulimwaga mahali asipopajua. Mwaka 1964 Serikali ya Uganda iliunda Shirika la Taifa la Bima, na kwa miaka mingi wananchi wengi walilijua shirika hilo peke yake. Mwaka 2005 sehemu kubwa ya hisa zake iliuzwa kwa kampuni ya Nigeria. Leo makampuni ya bima nchini ni mengi, na kila moja humwita mnunuzi upande wake. Mwenye kuchagua bila kuuliza hana wa kumlaumu.

Lakini yafaa ieleweke vizuri ni kitu gani hasa kinachonunuliwa. Anayenunua viazi sokoni hurudi nyumbani na viazi. Anayenunua bima hurudi na karatasi. Karatasi hiyo ni ahadi, na ahadi haionjwi siku ya kununuliwa. Huonjwa siku ya ajali. Ndiyo sababu orodha ya bei, hata ikiwa ya kweli tupu, humwonyesha mnunuzi nusu tu ya jambo. Humwambia atatoa kiasi gani. Haimwambii atalipwa nini, na nani, na lini. Wahenga walisema: rahisi huvunja upishi.

Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 humlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari, bali kwa ajili ya yule atakayegongwa. Pikipiki ya mwenye bima ikivunjika vipande, bima hiyo haitoi hata senti moja ya kuitengeneza. Tena sheria hiyo iliweka kikomo cha fidia: shilingi milioni moja kwa mtu mmoja, na shilingi milioni kumi kwa ajali moja. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, baki humwangukia mwenye chombo mwenyewe. Kwa upande wa malipo ya bima hii ya lazima, kiwango cha chini huwekwa kwa kanuni, wala hakiachiwi wauzaji. Basi anayekuja na bei iliyo chini mno kuliko za wenzake yapasa aulizwe ameitoa wapi.

Chukueni mfano wa koplo wa kambi ya Bugema aliyekopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, akanunua pikipiki, na kumpa kijana wa Nkoma aiendeshe kama bodaboda. Anaulizia bima kwa watu wanne. Watatu wanamtajia bei zinazokaribiana. Wa nne, ambaye hana ofisi wala risiti, anampunguzia shilingi elfu kumi na kumpa stika hapohapo. Koplo anafurahi. Baada ya miezi mitatu kijana wake anamgonga mama mmoja mchuuzi wa ndizi na kumvunja mguu. Stika inapochunguzwa, haimo katika vitabu vya kampuni yoyote. Mama yuko hospitali, biashara yake imelala, watoto wake wanamtazama jirani. Koplo naye anabaki na mkopo wa kulipa, gharama za hospitali na kesi ya kuweka barabarani chombo kisicho na bima. Shilingi elfu kumi alizookoa ziko wapi?

Yaweza kusemwa kwamba huyo alidanganywa na mwizi. Ni kweli. Lakini hata kampuni yenye jina, ofisi na kibali yaweza kushindwa kutimiza ahadi. Nchini Kenya, kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, na Blue Shield mwaka 2011. Zote tatu zilikuwa na wateja wengi wenye matatu, biashara ambayo madai yake hayana mwisho. Stika zao zilikuwa za halali siku zilipobandikwa. Lakini waliojeruhiwa walingojea fidia kwa miaka, na wenye magari wakajikuta wanafuatwa wao. Malipo yanayokusanywa yakiwa haba kuliko madai yanayokuja, chungu hukauka hata kama mpishi ni mwaminifu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mwenye kuonyesha bei naye anafanya biashara. Tovuti za kulinganisha bei hupata ujira kutoka kwa kampuni pale mnunuzi anaponunua, na wakala kadhalika. Si kosa, ila si sadaka. Tena bei ya mwaka wa kwanza si ahadi ya mwaka wa pili. Huko Uingereza makampuni yalizoea kumvuta mteja mpya kwa bei ya chini, kisha kumpandishia mwaka hata mwaka yule aliyebaki kwa uaminifu. Kwa bima za magari na za nyumba, wasimamizi walilipiga marufuku jambo hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Kwa hiyo anayelinganisha hana budi kulinganisha kila mwaka.

Basi alinganishe nini? Kwanza, aangalie kama kampuni imo katika orodha ya wenye kibali, inayotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Pili, kama ananunua bima kubwa, inayolinda pia chombo chake mwenyewe, asome ni sehemu gani ya hasara atakayoibeba mwenyewe, na ni mambo gani yaliyoachwa nje ya mkataba. Bei mbili zaweza kutofautiana kwa sababu moja inalinda wizi na nyingine hailindi, au moja inajua kwamba pikipiki ni ya kubeba abiria na nyingine imeambiwa ni ya kwendea kazini. Anayedanganya apate bei ya chini huipa kampuni sababu ya kukataa dai lake. Tatu, awaulize waliopata ajali kabla yake: kampuni ile ililipa? Ililipa baada ya muda gani? Jibu la jirani aliyelipwa lina uzito kuliko tangazo lolote. Na kampuni ikikataa dai bila sababu ya haki, Mamlaka hiyo ina ofisi ya kupokea malalamiko.

Kwa askari polisi wa barabarani, jambo hili lina uzito wa pekee. Anaposimamisha gari kwenye barabara ya Tirinyi au kwenye lango la Jinja na kuitazama stika, hatazami karatasi ya rangi tu. Anamtazama mama wa ndizi ambaye bado hajagongwa. Afande anayepokea kitu kidogo na kuiacha stika ya uongo ipite, amemnyang'anya mtu huyo fidia yake kabla hajaihitaji. Na mwanajeshi au polisi anayemiliki bodaboda bila bima ya kweli, akitumaini kwamba sare yake itamwokoa barabarani, ajue kwamba mguu uliovunjika hauulizi cheo.

Kulinganisha bei, basi, ni haki ya mnunuzi, na kuendelee. Ila mwenye kulinganisha asiishie kwenye mstari wa kwanza wa orodha. Ashuke chini, asome, aulize, kisha ndipo atoe fedha yake. Bima nafuu ni ile inayolipa; isiyolipa ni ghali, hata ingeuzwa kwa shilingi moja.