MAJI MACHAFU YASITURUDISHE NYUMA
(Maneno ya mwanachama siku ya kutimiza miaka kumi)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya maji machafu. Naona wengine mnacheka: siku ya sherehe mtu analeta habari za bafuni! Lakini akina mama, fungueni daftari letu la mikopo. Mara ngapi mwenzetu amekopa, si kwa biashara, ila mtoto anaharisha? Fedha tunayoiweka kwa jasho inatokea mlango wa nyuma.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Vyoo tukavirithi. Maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo yakabaki kujitafutia njia yenyewe.

Nianze na mimi. Maji ya bafu langu yalipita chini ya ukuta yakatuama uani kwa jirani. Alivumilia, mwisho tukanuniana msimu mzima. Siku moja akaniambia, "Dada, sabuni unanunua wewe, mbu nawalea mimi." Niliona aibu.

Na mbu hao wa maji machafu ndio wanaoeneza matende na ngirimaji huku kwetu pwani. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 mashimo ya vyoo yalimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika maji, na watu wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, na ugonjwa nao.

Basi nikachimba karo. Shimo kama kimo cha mtu, upana hatua moja. Chini mawe makubwa, juu kokoto, kisha unafunika. Maji yapite kwanza kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa na kutiwa nyasi, ili mafuta na makombo yabaki humo. Nyasi uzibadilishe kila wiki, la sivyo karo litaziba. Kwenye mawe na udongo kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula uchafu, maji yakinyonywa polepole. Pembeni panda migomba, itakunywa.

Ila jamani, karo likae mbali na kisima, si chini ya mita 30, tena upande wa bondeni. Pale maji ya ardhini yalipo karibu usichimbe sana, maana udongo hautapata nafasi ya kuchuja. Na maji ya chooni yasiingizwe humo kabisa.

Sasa nisema lililonileta. Tuna ziada katika mfuko, na wengi wanataka khanga za sare. Hata mimi khanga nazipenda. Lakini naomba nusu ya ziada iwe mkopo wa karo usio na riba, tuanze na nyumba zilizo juu ya kisima chetu, na bwana afya apime umbali kwanza. Hata wasio wanachama wapewe. Maji yakiteremka hayaulizi nani ana kadi.

Mwenye neno aseme mkutanoni, tusisemee visimani. Yule jirani yangu leo ni mdhamini wangu wa mkopo, na tumekaa naye meza moja.