Maneno juu ya Mipira ya Kamioneti



Tumezoea kusema hapa juu ya mbegu, na mitaro ya kuzuia udongo, na ugonjwa wa migomba. Leo nasema juu ya mipira ya motokari. Mtu atauliza: Je, mpira ni kazi ya shamba? Ndiyo, ni kazi ya shamba. Viazi vikilala siku tatu njiani kati ya Masisi na Sake kwa sababu mpira umepasuka, vinaloa mvua, vinaanza kuoza, na mnunuzi wa Goma anatoa nusu ya bei. Kazi ya miezi minne inapotea hivi. Tena si viazi tu vinavyopanda kamioneti. Watu wanapanda juu ya magunia, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Mpira wa mbele ukipasuka mahali barabara inaposhuka, usukani unamshinda shofa, na wale wa juu ndio wanaotupwa kwanza.

Basi ninyi mliochanga feza na kununua kamioneti ya shirika, sikieni vizuri. Mipira ya kwanza imekwisha ao iko karibu kwisha. Mkimtuma mtu mmoja Goma na kumwambia tu, «Lete mipira minne,» ataleta ile ya bei ndogo, naye atasifiwa kwa muda wa mwezi mmoja.

Kabla ya kwenda dukani, fikirini kwanza barabara yenu. Goma imejengwa juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Nyiragongo ilitapika moto tarehe 10 Januari 1977. Ikatapika tena tarehe 17 Januari 2002, na moto ukapita katikati ya mji hata ukaingia ziwani. Ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021, moto ukafika pembeni ya mji. Mawe yale meusi ni makali kama chupa iliyovunjika. Hayatoboi mpira kwa chini tu, yanakata mbavu zake, na mbavu ndizo ngozi yake nyembamba. Lakini ukipita Sake na kupanda kwenda Masisi, udongo unaanza. Mvua za Machi hata Mei, na zile za Septemba hata Desemba, zinaufanya kuwa kama uji.

Kwa hiyo tunautaka mpira mmoja ufanye kazi mbili zisizopatana. Mpira wenye meno makubwa yaliyoachana unashika matope vizuri, maana matope yanapata njia ya kutoka kati ya meno. Lakini juu ya lami na juu ya mawe makavu meno hayo yanakwisha upesi, mengine yanang'oka vipande vipande. Mpira wa mji, wenye mistari myembamba, unakwenda vizuri juu ya lami. Ukiingia matope, mistari inajaa, nao unateleza kama sabuni. Wauzaji wanaandika aina hizi kwa herufi: M/T ni ya matope, H/T ni ya lami, A/T iko katikati. Shauri langu mimi: kamioneti inayopeleka mavuno Goma kila juma na kurudi ivae A/T yenye mbavu nene. Anayeshinda katika matope ya Walikale siku zote, huyo achukue M/T. H/T waachieni watu wa mjini, hata kama muuzaji anaapa.

Sasa tusome maandiko ya ubavuni. Watu wengi wanayaona kama mapambo. Hayo ni kama kitabulisho cha mpira, yanasema jina lake, nguvu zake na umri wake.

Tuseme imeandikwa 225/75 R16. Namba 225 ni upana wa mpira, milimeta 225. Namba 75 ni urefu wa ubavu: sehemu 75 katika mia ya ule upana. Herufi R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule. Namba 16 ni kipimo cha duara ya chuma, kwa inchi. Land Cruiser nyingi za kazi zinavaa mpira ulioandikwa 7.50 R16, ni lugha ya zamani kidogo, maana yake upana ni inchi saba na nusu. Kipimo cha kamioneti yenu kimeandikwa juu ya karatasi ao bamba dogo, mara nyingi penye mlango wa shofa. Kiandikeni. Msikubali mpira «unaolingana tu». Duara ya inchi 16 haivai mpira wa 15 wala wa 17, na mpira mpana kupita kiasi unasugua chuma cha ndani mnapokata kona.

Baada ya kipimo kuna namba nyingine na herufi, kama 108 Q. Hapo ndipo pana uzima wa watu, nami nitakaa hapo kidogo. Namba hiyo haisemi kilo waziwazi, ina orodha yake. Namba 100 ni kilo 800 kwa mpira mmoja. Namba 108 ni kilo 1,000. Namba 112 ni kilo 1,120. Namba 121 ni kilo 1,450. Herufi ni mwendo: Q ni kilometa 160 kwa saa, wala hakuna mtu wa kwetu atakayeufikia mwendo huo kwenye barabara hizi, basi herufi isiwasumbue.

Tufanye hesabu. Tuseme kamioneti tupu ina kilo 2,000. Mnapakia magunia kumi ya viazi, kila gunia kilo 100. Jumla ni kilo 3,000. Mzigo unakaa zaidi nyuma, basi tuseme magurudumu mawili ya nyuma yanabeba kilo 1,900, kila moja 950. Mpira wa namba 100 umekwisha kushindwa kabla ya kutoka kijijini. Mpira wa 108 unatosha, lakini umebakiza kilo 50 tu. Sasa wapandisheni watu kumi juu ya magunia. Wanaongeza kilo 600, na karibu 500 zinaangukia nyuma. Kila mpira wa nyuma sasa unabeba kilo 1,200. Hata ule wa 112 umeshindwa.

Na ninyi wachimbaji, neno hili ni lenu zaidi. Jicho la mtu aliyezoea viazi linadanganywa na mawe. Kasiteriti safi ina uzito karibu mara saba kuliko maji ya kiasi kile kile. Koltani nayo ni nzito namna hiyo. Magunia madogo yaliyolala chini ya kamioneti, hata hayafiki nusu ya kimo cha mbao za pembeni, yanaweza kupita uzito wa viazi vilivyorundikwa mpaka juu. Shofa anaona nafasi tupu, anaita abiria. Pimeni mzigo kwa mizani, msiupime kwa macho. Tena mtu asije akasema: tumeweka mipira ya 121, basi tupakie tani mbili na nusu. Mpira wenye nguvu hauzitii nguvu chemchemi, wala breki. Uzito ambao kamioneti imeruhusiwa kubeba umeandikwa vilevile, nao haubadiliki kwa kubadili mipira.

Umri. Tafuteni herufi DOT, na mwisho wa mstari huo namba nne. Zikiwa 2319, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Pengine namba hizo ziko upande mmoja tu, basi ugeuzeni mpira mtazame upande wa pili. Hili ni la lazima kwa mipira ya okazyoni inayotoka ng'ambo. Kuna mpira ambao meno yake bado marefu, lakini umekaa miaka mingi juani ao ghalani. Ngozi yake imekauka, ukiukunja unaonyesha nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Mimi sinunui wa okazyoni uliopita miaka sita, na uliopita kumi hata bure siutaki. Angalieni na rangi: wengine wanapaka mpira wa zamani weusi mpya, unang'aa kama kiatu cha harusi. Piteni ndani yake kwa mkono. Mkisikia kiraka kikubwa ubavuni, ao uvimbe, rudisheni. Wako pia wanaochonga mistari upya kwa kisu cha moto juu ya mpira uliokwisha. Kisu kinakaribia nyuzi, na nyuzi zikikatwa hakuna mpira tena.

Mtasema, feza yetu ni kidogo. Najua. Lakini tuhesabu kwa miezi. Tuseme mpira mmoja ni dola 80, unamaliza miezi 5. Mwingine ni dola 140, unamaliza miezi 12. Wa kwanza umewala dola 16 kila mwezi, wa pili hata 12 haukufika. Hapo sijaweka viazi vilivyooza. Kama feza haitoshi minne mizuri, nunueni miwili mizuri ya namna moja muiweke nyuma, na ile iliyo mizima kidogo ije mbele, kama bado ina meno. Msichanganye upande wa kuume mpira wa namna moja na upande wa kushoto wa namna nyingine, motokari itavuta upande mmoja kila mkishika breki. Na mpira wa akiba si mahali pa kuweka takataka: uwe wa kipimo kile kile, wenye upepo.

Meno yamekwisha lini? Ndani ya mistari kuna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa mpira ukilingana navyo, yamebaki milimeta 1.6, ndio mwisho. Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimeta 2: ilazeni ndani ya mstari, na kama imelingana na uso wa mpira, tafuteni feza leo. Kwa matope yetu mimi singengoja hata hapo.

Upepo unaua mipira mingi kuliko mawe. Mpira wenye upepo kidogo unajikunja ubavuni kila unapozunguka, unapata moto ndani, nyuzi zinaachana, halafu unapasuka kwa kishindo, na watu wanasema ni uchawi wa jirani. Wenye upepo wa kupita kiasi nao unagonga jiwe kama ngoma iliyokazwa, unachanika. Pimeni asubuhi, mpira ukiwa baridi, kwa kipimo na si kwa teke la mguu. Kiasi kimeandikwa kwenye bamba lile la mlangoni. Kiasi cha motokari tupu si kile cha yenye mzigo. Mwambieni kwado awape kipimo chake mkisome wenyewe. Kwado ni fundi wa thamani sana, anaweza kuziba tundu la msumari kwenye uso wa mpira likadumu. Lakini akiweka kipande cha mpira wa zamani ndani ya ubavu uliokatwa, hiyo ni ya kuwafikisha nyumbani polepole, mzigo umeshushwa. Na magurudumu yakifungwa, kazeni njugu kwa kuvuka, mmoja huku na mwingine ng'ambo yake, halafu mkaze tena baada ya kwenda kilometa 50 hivi.

Neno la kando. Babu zetu walijua mpira kabla ya kujua motokari. Wakati wa Leopold, kabla ya 1908, katika sehemu nyingi za Kongo watu walilazimishwa kuutafuta porini, na wengi walikufa. Tena Wajapani walipoteka Malaya mwaka 1942, Kongo iliamriwa kuutoa kwa ajili ya vita. Mzee akiuita mpira kitu cha machozi, msimcheke.

Mipira iliyokwisha msiitupe nyuma ya nyumba. Mvua inaijaza, mbu wanazaa humo, na homa inaingia kwa watoto. Wauzieni watengenezaji wa chukudu. Wanaikata vipande virefu na kuvipigilia juu ya magurudumu ya mti, nayo inashusha mzigo mlimani miaka mingine. Inafaa pia kwa viatu, na kwa kamba za kufungia magunia. Ile msiyoipatia mnunuzi, toboeni matundu chini ili maji yasikae.

Kamioneti imesimama pale chini ya mvule. Aliye na njiti ya kiberiti aje nayo, na mwandishi wa shirika alete daftari. Tutaanza na gurudumu la nyuma la kushoto, maana ubavu wake siupendi.