Mvumo Katika Gitaa

Huku kwetu Migori na Homa Bay, nchi ya benga, gitaa la umeme limeingia hata kanisani. Lakini mara nyingi, kabla ya wimbo kuanza, spika huvuma.

Mvumo huo watoka wapi? Umeme wa Kenya hugeuka-geuka mara 50 kila sekunde, na gitaa pamoja na waya wake huunasa. Basi tutenge waya wa gitaa na nyaya za umeme, tuchomeke vyombo vyote mahali pamoja, na mpigaji ageuke kidogo mpaka mvumo upungue.

Lakini jambo moja tusilifanye kamwe: tusikate waya wa ethi, ule uendao ardhini. Ni kweli, pengine mvumo hunyamaza. Lakini siku amplifaya ikiharibika, umeme utapita katika nyuzi, na kijana mwenye gitaa mkononi na midomo kwenye maikrofoni aweza kufa.

Ndugu zetu, dhamiri nayo huvuma ndani yetu. Tusinunue kimya kwa kukata kile kitulindacho. Tutafute chanzo, tukitengeneze, ndipo tuimbe.