Filamu za Zamani: Ziskaniwe Kavu au kwa Umajimaji?

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu kuhifadhi picha za zamani



Katika nyumba nyingi za kaunti hii, kutoka Mwala hadi Matungulu, kuna bahasha au mkebe wa biskuti wenye filamu za zamani, zile ambazo wapiga picha wa studio walikuwa wakiziita negativu. Humo mna harusi, ubatizo, baraza la chifu, nyumba ya kwanza ya mabati, na shamba la babu kabla halijagawanywa. Picha ya karatasi ikififia, inaweza kuchapishwa tena kutoka kwa negativu. Negativu ikiharibika, hakuna mahali pengine pa kurudi.

Siku hizi vijana wengi wanaingiza filamu hizo kwenye kompyuta kwa kutumia skana ya bapa, ile yenye kioo cha kulazia karatasi na taa ya pili kwenye kifuniko ya kumulika filamu. Hapo ndipo swali linapozuka: filamu ilazwe kavu, au ilazwe ndani ya umajimaji maalumu? Jibu linategemea hali ya filamu na kazi ambayo picha itafanya.

Machakos yenyewe ina mfano wa uzito wa jambo hili. Mnamo 1937 R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya Ukambani vilivyokuwa vimeliwa na mmomonyoko wa udongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ililazimisha watu kupunguza mifugo kwa kisingizio cha mmomonyoko huohuo, na maelfu ya Wakamba wakaandamana hadi Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mnamo 1991 watafiti walirudi mahali palepale na kupiga picha upya. Kitabu chao cha 1994, More People, Less Erosion, kilichoandikwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kiliweka picha hizo mbilimbili. Idadi ya watu wa wilaya ya wakati huo, iliyojumuisha Makueni, ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1989, lakini vilima vilivyokuwa vitupu vilikuwa na matuta na miti. Kazi ya vikundi vya mwethya ilionekana kwa macho.

Sasa fikirieni picha ya kilima kama hicho. Tuta la fanya juu likitazamwa kutoka mbali ni mstari mwembamba. Njia ya ng'ombe ni mstari mwembamba. Ua wa mpaka ni mstari mwembamba. Mkwaruzo kwenye filamu nao ni mstari mwembamba. Asiyejua anaweza kuona tuta mahali ambapo hapakuwa na tuta. Na programu ya kompyuta inayofuta mikwaruzo inaweza kufuta njia au ua uliokuwepo kweli, kisha ikajaza nafasi kwa kubahatisha. Kwa picha ya mapambo hilo si neno. Kwa picha inayosimulia historia ya ardhi au ya ukoo, huo ni ushahidi uliobadilishwa.

Kuskani kavu ndiyo njia ya kawaida. Filamu hufutwa vumbi kwa brashi laini au kipulizio cha mkono, hutiwa kwenye fremu yake, na kuskaniwa. Ni haraka, haina gharama ya ziada, na filamu haiguswi na kitu chochote cha kemikali. Matatizo yake ni matatu. La kwanza ni filamu iliyojikunja, ambayo sehemu yake hutoka wazi na nyingine hutoka na ukungu. La pili ni pete za Newton, yale mawimbi ya duara yanayofanana na rangi za mafuta yaliyomwagika kwenye lami baada ya mvua. Hutokea filamu nyororo inapokaribia kioo bila kugusana nacho sawasawa, na mwanga ukarudi kutoka nyuso zote mbili. La tatu ni mikwaruzo.

Mawili ya kwanza yana dawa isiyohitaji umajimaji. Filamu iliyojikunja ilazwe kati ya karatasi safi zisizo na asidi, chini ya vitabu vizito, kwa siku kadhaa. Pete huisha filamu ikiinuliwa kidogo na fremu isiguse kioo, au ikitumika fremu yenye kioo kilichokwaruzwa kwa makusudi. Wakati mwingine inatosha kuigeuza filamu, upande wake usiong'aa ukatazama kioo, kisha picha ikageuzwa kwenye kompyuta.

Mikwaruzo ndiyo huleta hoja ya umajimaji. Jiwe la mtoni likiwa kavu huonekana la kijivu, lakini likilowa rangi zake hujitokeza. Maji hujaza vijishimo vya juu ya jiwe, na mwanga hautawanyiki tena. Ndivyo inavyokuwa kwa filamu. Mkwaruzo kwenye mgongo wa plastiki umejaa hewa, na hewa hupindisha mwanga tofauti sana na plastiki. Umajimaji unaopindisha mwanga karibu sawa na plastiki ukijaza mkwaruzo huo, mkwaruzo hupotea kwa macho ya skana. Hakuna kilichobuniwa wala kufutwa; taswira iliyokuwa chini yake imeonekana tu. Pete za Newton nazo huondoka kwa sababu hewa iliyozileta haipo, na filamu hulala bapa.

Wengine huuliza kwa nini wasitumie ule usafishaji wa infraredi ulio ndani ya skana. Kwa filamu nyingi za rangi unafanya kazi vizuri. Lakini taswira ya filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za fedha, na fedha huzuia infraredi kama uchafu unavyoizuia. Skana hudhani picha nzima ni uchafu. Kwa hiyo filamu za miaka ya 1950 na 1960, zinazohitaji msaada zaidi, ndizo zisizosaidiwa na kifaa hicho.

Hata hivyo umajimaji una mipaka. Mkwaruzo uliochimba upande wa taswira na kuondoa fedha yenyewe haurudi. Picha ambayo mpiga picha hakuilenga vizuri haitakuwa kali zaidi. Skana nyingi za bapa hutangazwa kuwa na uwezo wa dpi 6400, lakini zikipimwa mara nyingi hazifiki nusu yake. Umajimaji hauongezi uwezo huo.

Kuna pia hatari. Umajimaji wa kazi hii hukauka haraka na hushika moto. Unahitaji dirisha wazi, pasiwe na jiko, mshumaa wala sigara karibu. Ukipenya chini ya kioo cha skana, huacha doa ndani, kwa hiyo hutumika trei yake maalumu. Filamu hulazwa kwenye matone, hufunikwa kwa karatasi angavu ya poliesta, na mapovu husukumwa nje taratibu. Maji, petroli, mafuta ya taa na spiriti visitumike kamwe badala yake. Maji peke yake huvimbisha jelatini inayobeba taswira.

Zipo filamu zisizopaswa kuloweshwa hata kidogo: yenye taswira inayobanduka au kupasuka, iliyorekebishwa na studio kwa wino au penseli, yenye kuvu, na inayonuka siki. Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki ya asetati imeanza kuoza, na joto na unyevu huharakisha uozo huo. Itengwe na nyingine, iwekwe mahali pakavu penye ubaridi, na iskaniwe kavu mapema. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa za nitrati, ambayo huwaka kwa ukali mno. Mwenye kuzishuku atafute mtaalamu wa nyaraka kabla ya kuziweka kwenye skana.

Utaratibu mwafaka, basi, ni huu. Kila filamu inayoweza kuskaniwa iskaniwe kavu kwanza, bila kusahihishwa na programu, na faili hiyo ya TIFF ihifadhiwe ilivyo. Picha ikuzwe kwenye kompyuta na kukaguliwa. Ikiwa kasoro haigusi kitu cha maana, kazi imekwisha. Ikiwa mkwaruzo unapita juu ya uso wa mzazi, maandishi, mpaka au kilima, na filamu ni nzima, hapo umajimaji unastahili gharama na muda wake. Nakala zote mbili zitunzwe, ili atakayekuja baadaye alinganishe na kujua mstari upi ulikuwa wa ardhi na upi ulikuwa wa filamu.

Katika mkebe mzima, huenda zikapatikana filamu chache tu za aina hiyo, na kuzichagua hakuhitaji mashine. Kunahitaji wazee wanaojua nani yuko pichani na kilima kile ni kipi. Majina hayo yaandikwe leo, kwa penseli, kwenye bahasha. Filamu ikihifadhiwa vizuri inaweza kusubiri skana. Kumbukumbu ya mzee haisubiri.